Tuuze hisa za sigara alizotuachia baba?

*Maswali ya wasomaji kuhusu fedha. Anajibu Mama Mhasibu, aliyetunza vitabu vya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku mkoani Tabora mpaka alipostaafu.*

Shikamoo Mama Mhasibu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ipuli hapa Tabora mjini. Baba yetu alilima tumbaku Urambo maisha yake yote, na akiba yake aliiweka kwenye hisa. Alipofariki tulikuta hisa za kampuni ya sigara na chache za benki. Mirathi imekwisha, kila mmoja wetu watoto wanne ameandikiwa sehemu yake. Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Mdogo wetu wa mwisho ameokoka, anasema gawio la sigara ni fedha ya vifo na hataki hata senti. Kaka mkubwa anasema soko la hisa halina dini, ukiacha wewe atanunua mwingine. Mimi naelekea upande wa mdogo wangu, ila najiuliza: tukiuza, fedha ya kuuzia si ileile? Shemeji ametushauri tuuze zote, tumpe rafiki yake anayekopesha watumishi hapa mjini, atulipe asilimia 10 kila mwezi. Anasema hiyo ndiyo fedha safi, kwa sababu inasaidia watu wenye shida. Tufanyeje?
*Mwalimu, Ipuli*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kumpoteza mzee.

Nianze na kaka yako, maana kauli yake naisikia kila mahali na siikubali. Nilikaa ghalani misimu mingi siku za soko. Mitumba ya tumbaku inapangwa kwa mistari. Klasifaya, mpanga madaraja ya tumbaku, anapita, anachomoa majani, anayainua kwenye mwanga, anayavuta kidogo kwa vidole, anataja daraja, karani anaandika. Mkulima anamfuata hatua chache nyuma, mikono mgongoni, kimya. Kati ya daraja hili na lile kuna ada ya mtoto. Akithubutu kuuliza kwa nini mtumba wake umeshushwa, anajibiwa: "Ndivyo soko lilivyo." Mimi nilikuwa pale na daftari, na sikuwahi kuliona soko likitaja daraja. Niliona watu. Mmoja ametaja daraja, mwingine alikubali bei kwenye kikao cha miezi iliyopita, mwingine amekalia malipo mpaka mkulima akauza baiskeli. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kufanya vingine.

Kwa nini basi mtu mwenye utu wake, anayeheshimu jirani na kuzika wafiwa, akiingia sokoni anaona hahusiki? Mwaka 2013 wachumi wawili wa Ujerumani, Armin Falk na Nora Szech, walilichunguza jambo hilo kwa jaribio ambalo sijaacha kulifikiria. Mshiriki alipewa uchaguzi: panya mmoja wa maabara aachwe aishi, au wewe uchukue euro 10 na panya auawe. Walipoamua mmoja mmoja, karibu asilimia 46 walichukua fedha. Kundi jingine wakawekwa kwenye biashara: muuzaji anamshikilia panya, mnunuzi ana euro 20, wapatane namna ya kuzigawana, wakipatana, panya anakufa. Hapo waliokuwa tayari panya afe kwa euro 10 au pungufu walipita asilimia 70. Panya yuleyule, kifo kilekile. Kilichoongezeka ni mtu wa pili wa kugawana naye lawama, na bei ya kubishania. Ukishazama kwenye bei, panya anatoka mawazoni.

Na sisi watu wa Tabora tuna mfano wetu wa zamani zaidi. Misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa Unyanyembe kuelekea Ujiji na ng'ambo ya ziwa ilikuwa na wenye fedha wake, nao walikaa Unguja. Taria Topan, tajiri wa Kihindi, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mtaji wa safari zake, na Tippu Tip alichuma katika pembe na katika watumwa. Mkopeshaji hakuhitaji kubeba jino la tembo wala kukiona kijiji kilichovamiwa. Daftari la mkopo huandika kiasi, faida na siku ya kulipa. Taria alifariki akiwa mtu wa heshima kubwa, na cheo cha Sir kutoka kwa Malkia Victoria. Fedha ina uwezo huo wa kufika mahali ambapo mwenyewe hafiki na kurudi bila kusimulia ilichokiona huko. Kwa hiyo mdogo wenu anayeuliza gawio limepita wapi kabla ya kufika mezani kwenu anauliza swali la haki, na asizomewe kwa kuwa ndiye mdogo.

Sasa hisa zenyewe. Kampuni ya Sigara, TCC, iko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2000, na robo tatu yake inamilikiwa na Japan Tobacco. Ukiuza hisa zako kupitia kwa dalali, fedha unayopokea haitoki kwa kampuni. Inatoka kwa mnunuzi mwingine, pengine mstaafu wa Mbeya, pengine mfuko wa uwekezaji. Kiwanda hakipungukiwi shilingi wala hakipunguzi sigara hata moja. Kilichobadilika ni jina kwenye rejista ya wanahisa. Kuna zaidi. Mwaka 2009 watafiti wawili, Harrison Hong na Marcin Kacperczyk, walionyesha kwamba huko Marekani, kwa kuwa taasisi nyingi zinazikwepa kampuni za pombe, sigara na kamari, hisa hizo huuzwa rahisi kuliko nyingine za aina yake, na anayezishika hupata faida kubwa zaidi. Yaani anayekimbia kwa dhamiri anampunguzia bei yule asiyejali.

Kaka yako asishangilie. Hilo linaonyesha tu kwamba kuuza hisa hakufungi kiwanda. Mtu ana haki ya kukataa kulishwa na kitu anachoamini kinaua, hata kama kukataa kwake hakuokoi pafu la mtu yeyote. Na kinaua kweli: Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka wanaokufa kwa sababu ya tumbaku. Mdogo wenu auze sehemu yake kwa amani. Msimtoze maelezo kila Krismasi.

Swali lako kwamba fedha ya kuuzia ni ileile, nalijibu hivi. Baba yenu alilipia madaftari yenu kwa majani yaleyale. Alikata kuni za bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akakesha akichochea moto, akashika majani mabichi mpaka kichwa kikamzunguka. Mkulima yeyote wa Urambo anaujua ugonjwa huo wa siku za kuvuna. Kwenye wilaya ile, kwa miaka ile, hakuwa na zao jingine lililokuja na mbolea ya mkopo na mnunuzi wa uhakika. Jasho hilo halina uchafu wa kuoshwa. Msikubali mtu yeyote, awe mchungaji au shemeji, ayapime maisha ya baba yenu kwa bidhaa aliyouza. Ninyi mnaamua kuanzia hapa mlipo, kwa kuwa mna nafasi ambayo yeye hakuwa nayo.

Fedha huuma kweli pale inapotoka mara ya kwanza, kwa maana ya mkopo mpya au mtaji mpya. Makaburu wa Afrika Kusini walisusiwa na vyuo, makanisa na mifuko ya pensheni kwa miaka, na kususia huko kulikuwa na uzito wake wa kisiasa. Lakini katikati ya mwaka 1985, benki ya Chase Manhattan ya New York ilipokataa kuwaongezea muda wa mikopo, na nyingine zikafuata, randi ilianguka, na kufika Septemba serikali ile ikasimamisha ulipaji wa madeni ya nje. Anayetoa mkopo mpya ana mkono wake ndani ya kazi inayofanyika. Mwenye hisa iliyonunuliwa kwa mwenzake yuko mbali zaidi.

Ndiyo maana, mwanangu, jambo ulilolipitisha kwa mistari miwili mwishoni mwa barua ndilo lililonifanya nikujibu mapema. Rafiki wa shemeji.

Wewe ni mwalimu, unaijua mikopo hii, wenzako ofisini wanaiita kausha damu. Tufanye hesabu. Akiwalipa ninyi asilimia 10 kwa mwezi na yeye apate chake, na wengine washindwe kulipa, lazima atoze asilimia 20 au zaidi. Mwenzako akope 200,000 kwa sababu mtoto amelazwa Kitete. Mwisho wa mwezi anadaiwa 240,000. Hana zote, analipa 40,000 ya riba. Mwezi unaofuata tena 40,000. Mwaka ukiisha amelipa 480,000 na deni bado ni 200,000 zilezile. Hajapunguza hata shilingi. Mkopeshaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 amewekewa na Benki Kuu kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni hilo ni 7,000.

Nenda kwenye mashine ya kutolea fedha siku mishahara inapoingia. Utamkuta kijana amesimama muda mrefu, foleni nyuma yake inanung'unika. Mkononi ana kadi za benki zilizofungwa kwa mpira, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye tarakimu nne. Anaingiza moja, anatoa mshahara wote, anaandika kwenye kidaftari, anaingiza nyingine. Wenye kadi wako pembeni chini ya mwembe, wengine na chaki bado kwenye vidole, wanasubiri kuitwa wapewe kilichobaki. Benki zenyewe zinakataza mtu kumpa mwingine namba yake ya siri, na bado kila mwezi mambo ni hayo. Mwalimu mzima na cheti chake anapokea mshahara wake kutoka mkononi mwa mtu asiyemwajiri.

Fedha mnayotaka kuitoa kwenye sigara ingeenda pale. Na haitakuwa na jina lenu, ndiyo raha ya mpango wenyewe: mtapokea asilimia 10 kwenye simu, mtamshukuru shemeji, na hamtaiona foleni ya chini ya mwembe, isipokuwa wewe, mwalimu, utakayewaona wenye kadi kila asubuhi kwenye paredi.

Si kila mkopo ni dhuluma. Mkopeshaji ana gharama, na wapo wasiolipa. Qurani imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Torati inamwambia mkopeshaji kwamba akichukua vazi la maskini kuwa rehani, amrudishie kabla jua halijazama, kwa sababu hana kingine cha kujifunika usiku. Dini hizi hazikubaliani katika mengi ya fedha, lakini zote mbili zilimtazama mtu aliyekopa kwa sababu ya njaa na zikaona kwamba kukubali kwake masharti si uhuru. Ukiambiwa "amesaini mwenyewe", uliza alisaini akiwa na njia gani nyingine.

Kwa hiyo ninachowashauri ni hiki. Mdogo wenu auze, na kama anataka gawio alilokwisha kupokea litoke mikononi mwake, alipeleke kwenye bili ya mgonjwa wa mapafu, si kwenye kikapu cha sadaka ambako hajui linakwenda wapi. Kaka akitaka kubaki, abaki kama mwenye mali na si kama mpokea gawio tu. Mwanahisa ana haki ya kuingia kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza: majani mnayonunua yamekaushwa kwa kuni za msitu gani? Mnahakikishaje kuwa hakuna mtoto aliyeachishwa shule kuyachuma? Kura zake hazifui dafu mbele ya asilimia 75, lakini swali likishaulizwa mbele ya wanahisa lina mtu wa kulijibu kwa jina lake. Mtoto wa mkulima wa Urambo akiliuliza, litakuwa na uzito kuliko likitoka kwa mtu wa Masaki. Asipotaka usumbufu huo, basi naye auze, aache kusema kwamba soko halina dini.

Wewe, kwa kuwa moyo wako umeshaegemea, uza. Fedha iweke mahali unapoweza kuuliza ukajibiwa: SACCOS ya walimu kama vitabu vyake vinakaguliwa na unaviona, au vipande vya Umoja wa UTT, mfuko wa kuwekeza kwa pamoja uliopo tangu 2005, au hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali. Hakuna hata kimoja kitakachokupa asilimia 10 kwa mwezi. Na shemeji mwambieni sababu wazi, msimwambie tu kwamba fedha imeshapangiwa kazi nyingine.

Mama, salamu kutoka Ujiji. Nanunua mawese vijijini wakati wa wingi, naweka kwenye madumu, nauza yakiadimika. Imamu alihutubia juu ya wanaoficha chakula, nikaona watu wananigeukia. Sasa wenzangu wa Mwanga na Kibirizi wameniingiza kwenye kundi la simu, tukubaliane mtu asifungue stoo mpaka dumu lifike bei tuliyoipanga. Nina dhambi?
*Mfanyabiashara, Ujiji*

Haya ni mambo mawili, na lawama ya moja usiibebeshe kwa jingine.

Kununua wakati wa wingi kunamsaidia mama mwenye michikichi, ambaye bila wewe angeuza kwa bei ya kutupa siku ambayo kila mtu ana mawese. Kuuza wakati wa uhaba kunamfikishia mlaji mafuta ambayo yangekuwa yameshakwisha. Katikati yake umelipa madumu, stoo na hatari ya kuharibikiwa. Faida hiyo ni ujira wako. Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, watu walipotupa sabuni na mafuta usiku kwa hofu ya kukutwa navyo ndani. Walanguzi wakubwa walikuwepo, ndiyo, lakini wenye maduka madogo waliteseka pamoja nao, na rafu zilibaki tupu. Sitaki kurudi kwenye fikra kwamba kila mwenye stoo ni mwizi.

Kundi la simu ni jambo jingine kabisa. Huko hakuna anayehifadhi mafuta kwa ajili ya msimu wa uhaba. Mnautengeneza uhaba wenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na haijali kama mnapatana kwenye ofisi ya ghorofa au kwenye simu. Hata bila sheria, fikiria anayelipa: mama lishe wa Kibirizi anayekaanga migebuka kwa mafuta ya kupima. Toka kwenye kundi leo, na uza kwa bei yako mwenyewe. Imamu akihutubia tena, mweleze biashara yako ilivyo, umkaribishe aione stoo.

Shikamoo Mama. Kuna mpango umeingia kwetu kupitia mzee wa kanisa: unatoa 50,000, unaleta watu watano, baada ya mwezi unapata 150,000. Wa kwanza wamelipwa, nimewaona kwa macho. Mama yangu anataka kuuza mbuzi aingie. Ni halali?
*Kijana, Nzega*

Marahaba. Hao wa kwanza wamelipwa kwa fedha ya waliofuata. Hakuna shamba, duka wala kiwanda kinachozaa hiyo 150,000. Mwaka 2009 nchi nzima iliona DECI, iliyowaambia watu "wapande mbegu" wavune. Makanisani ndiko ilikopokelewa kwa mikono miwili, na serikali ilipoifunga waliobaki chini walikuwa wengi. Kinachoumiza kwenye upatu wa aina hii ni kwamba unamgeuza mtu aliyedanganywa kuwa mdanganyaji: ili urudishiwe chako, lazima umvute mtu anayekuamini.

Mama asiuze mbuzi. Kama wewe umeshatoa 50,000, usiwalete hao watano ili uzirudishe. Mfuate mzee wa kanisa mkiwa wawili au watatu, mdaini kwa adabu, na ujumbe wa muamala usiufute kwenye simu, maana polisi watauhitaji.